Uloto Mpya na Zahanati ya Kijijini

Tangu mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma imekuwa ikiwapandikiza uloto watoto wenye selimundu. Sifa nyingi hupewa siku ya upandikizaji, ilhali siku hiyo haina kishindo: chembe mama za ndugu huingia mshipani kama damu ya kawaida, na mtoto aweza hata kusinzia. Kazi ngumu huja baadaye, nayo hufanywa na saitokini, protini ndogo ambazo chembe za mwili hutumia kupashana habari.

Mojawapo ya protini za jamii hiyo, CXCL12, hutolewa ndani ya mifupa na kuzivuta chembe mama kutoka kwenye damu hadi kwenye makao yao mapya. Lakini mawasiliano hayo hayo yaweza kuleta maafa. Dawa kali za maandalizi huujeruhi utumbo. Tishu zilizojeruhiwa hutoa TNF na interlukini-6. Chembe T za mtoaji huamka, huchocheana kwa interlukini-2, huongezeka, kisha huishambulia ngozi, ini na utumbo wa mpokeaji. Kulingana kwa ndugu hupunguza hatari hiyo, hakuiondoi. Siklosporini huzuia chembe T kutengeneza interlukini-2, na ndiyo sababu mtoto huendelea kuimeza kwa miezi mingi ingawa anaonekana mzima.

Mtoto huyo akirejea Kondoa, Mpwapwa au Manyoni, wa kwanza kumwona akipata homa ni tabibu wa zahanati. Akimpa erithromaisini, kiwango cha siklosporini hupanda na kuumiza figo. Akianzishiwa rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu, kiwango huporomoka, na chembe T zilizonyamazishwa huanza tena kuitana. Zote mbili ni dawa za kila siku, na tabibu aliyeziandika hakuzembea. Pasipo maandishi, historia yote ya matibabu hubaki kichwani mwa mama aliyechoka kwa safari.

Kwa hiyo kila mtoto apaswa kutoka wodini na kadi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili: dawa anazotumia, dawa zisizochanganywa nazo, dalili za hatari (upele viganjani na nyayoni, kuhara sana, macho ya manjano) na namba ya simu inayopokelewa hata usiku. Iandikwe pia kwamba homa kwake ni dharura, hata kipimo kikionyesha malaria, na kwamba mzazi asipunguze wala kuacha siklosporini bila kauli ya wodi.

Yupo atakayesema kwamba watoto hawa ni wachache mno kuhangaikiwa hadi zahanati. Uchache wao ndio hoja yenyewe: tabibu anayemwona mmoja katika maisha yake yote ya kazi hawezi kujifunza kwa mazoea. Kadi hiyo huchapwa kwa printa yoyote ya ofisi.