Mbao za Jeneza la Sayyid Said

Sayyid Said bin Sultan, aliyeshika ufalme wa Omani mwaka 1806 angali kijana, na ambaye baadaye aliifanya Unguja makao yake hata biashara ya bara yote, mpaka huku kwetu Unyanyembe, ikawa yategemea neno lake, alifariki baharini karibu na visiwa vya Shelisheli, ndani ya merikebu yake Victoria, tarehe 19 Oktoba 1856, akirejea kutoka Maskati. Bintiye Salme ameeleza kwamba mzee huyo alikuwa amepakia mbao za jeneza, asije akafa njiani maiti yake ikatupwa majini. Tafadhali msomaji, litue jambo hili moyoni: mtu aliyeyakumbuka mauti kiasi hicho hakuacha neno moja lililo wazi juu ya nani atakikalia kiti chote baada yake.

Matokeo yake yanajulikana. Barghash, aliyekuwa safarini pamoja na babake, aliuzika mwili kwa siri usiku, akajaribu kuunyakua utawala kabla ya nduguye Majid kujifunga kibwebwe. Akashindwa, akarudia fitina mwaka 1859, akahamishwa Bombay. Thuwaini naye, ndugu yao mwingine aliyekuwa liwali wa Maskati, akadai kwamba Unguja pia ni haki yake, akaandaa majeshi. Mwisho wana wa baba mmoja wakahukumiwa na mgeni: Lord Canning, aliyeitawala Bara Hindi kwa niaba ya Waingereza, akaamua mwaka 1861 kwamba milki ziwe mbili, na Unguja iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka.

Nasi wa Gongoni, hapa Tabora, tusiwacheke watu wa pwani. Burton na Speke walipofika Kaze, ndiyo Tabora hii, mwezi wa Novemba 1857, Mtemi Fundikira wa Unyanyembe alikuwa hai. Haukupita muda mrefu akafariki, na Mnywa Sele akatawazwa, akawatoza ushuru Waarabu wa biashara, nao, waliokwisha kuzoea raha ya zamani, wakamwondoa wakamweka Mkasiwa. Vita vikaifunga njia, wapagazi wakakosa kazi, shehena zikalala, wala utulivu haukupatikana mpaka Mnywa Sele alipouawa mwaka 1865.

Husemwa kwamba kosa ni la warithi na tamaa zao. Tamaa ilikuwapo, sikatai. Bali mimi lawama kubwa naiweka juu ya aliyekaa sana kitini. Sharia imekwisha kuigawa mali ya maiti kwa mafungu. Lakini kiti hakina fungu, chataka shura, na shura ni kazi ambayo watu hawawezi kuifanya vema siku ya msiba ikiwa kwa miaka hamsini hawakuruhusiwa kuifanya. Amani ndefu iliyotundikwa kwenye shingo ya mtu mmoja huwanyima walio chini yake mazoezi ya kuafikiana.

Na hili haliwahusu masultani na watemi pekee. Mzee wa ukoo mwenye miembe na nyumba mbili, msimamizi wa wakfu wa msikiti ambaye hati zote zimo katika kasha lake, mwenyekiti wa ushirika aliyechaguliwa tangu wajukuu wake hawajazaliwa: hawa wote ni wafalme wa muda mrefu katika milki zao ndogo, na wengi wao, ukiwagusia habari ya atakayewafuatia, hukunja uso kana kwamba umewaombea kifo.

Watasema kumtaja mrithi mapema ni kuwasha fitina nyumbani. Lakini fitina ya mzee angali hai husikilizwa na mzee mwenyewe, naye aweza kuikata kwa neno. Watasema tena kwamba Sayyid Said alikwisha kumtazamia mwanawe Khalid, na Khalid akatangulia kufa mwaka 1854. Ni kweli, na miaka miwili iliyobaki ilitosha kuwakusanya Majid, Thuwaini na Barghash barazani, mbele ya mashahidi. Basi mwenye kuandika wasia wake mwaka huu, na aandike majina mawili.