Neno Moja, Kazi Nyingi: "Pick up"



Hakuna asiyelijua gari liitwalo pikapu: mbele hukaa dereva, nyuma hupakiwa samaki na viazi. Jina hilo latokana na neno la Kiingereza, "pick up", ambalo maana yake ya kwanza ni kuinua kitu kilicho chini, yaani kuokota. Lakini aijuaye maana hiyo tu asidhani kwamba amelimaliza neno.

Mwingereza akilitumia juu ya mtoto aliyeko shuleni, maana yake ni kwenda kumchukua. Juu ya lugha, ni kuipata kwa kusikia, bila mwalimu. Juu ya ugonjwa, ni kuambukizwa. Juu ya biashara, ni kupata nafuu. Juu ya upepo, ni kuzidi nguvu. Na mvuvi aambiwaye hivyo, heri abaki ufukoni.

Kwa watu wa Kyavinyonge jambo hili si mchezo wa darasani. Ziwa Edward ni la nchi mbili, Kongo na Uganda, na mpaka upitao majini hauna ukuta. Ng'ambo, Kiingereza ni lugha ya serikali. Wavuvi wa Kongo wamekamatwa mara nyingi na askari wa Uganda, na mwezi wa Julai 2018 wanamaji wa nchi hizo mbili walipigana kwa risasi ziwani humo.

Tuseme basi mtumbwi umechelewa kurudi, na kutoka ng'ambo yaja habari kwa Kiingereza: kijana wenu, "picked up". Je, ameopolewa majini? Au amekamatwa? Neno ni lile lile, nalo ni sahihi kwa mambo yote mawili.

Tusiwacheke Waingereza. Sisi nasi twapiga simu, twapiga mbizi, twapiga magoti, wala hakuna aumiaye. Kila lugha huyatwika maneno machache kazi nyingi, na maana hujulikana kwa maneno yanayoandamana nayo.

Kwa hiyo, mpatapo habari ya namna hiyo, msiangue kilio upesi, wala msishangilie upesi. Ulizeni kwanza: Nani amemchukua? Amempeleka wapi? Ikiwa ni wavuvi wenzake, tayarisheni nguo kavu na chakula cha moto. Ikiwa ni askari, wapasheni habari wakubwa wa wavuvi siku ile ile, maana aliye kifungoni hawezi kungoja mpaka mpate mfasiri.