«Laïc» haina maana ya kufunga kanisa kinywa

Kila mara maaskofu wa CENCO wanatoa barua juu ya siasa, ao wapasta wa ECC wanasimama pamoja nao, jibu la wakubwa ni moja: inchi yetu ni «laïc», mutu wa Mungu abaki kanisani. Lakini wakati wa kampeni, wale wale wakubwa tunawaona kwenye viti vya mbele kanisani, pasta anawawekea mikono, televizyo inaonyesha. Sasa tunauliza: ile neno ni sheria, ao ni fimbo ya kumupiga nayo yule anayesema maneno yasiyopendeza?

Sisi watu wa sendika, watumikaji wa migodi huku Haut-Katanga na Lualaba, hii mabishano inatuhusu. Katika ekipe moja ya kazi kuna Mukatoliki, Mumetodisti, Mukimbangu, Mwislamu, mutu wa kanisa ya uamusho na yule asiyesali popote. Sendika ikianza kuchagua dini, ekipe inavunjika. Kwa hiyo tuseme waziwazi namna tunavyoelewa mambo.

Tuanze na sheria. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 1, inasema Kongo ni inchi ya sheria, huru, moja, ya demokrasia, na «laïc». Kifungu cha 22 kinampa kila mutu uhuru wa mawazo, wa zamiri na wa dini. Hivi vifungu viwili vinakwenda pamoja. Leta haina kanisa yake, na haina ruhusa ya kumukataza mutu kusali. Hakuna mahali panaposema kwamba padri ao imamu si raia. Mutu akivaa kanzu, hatupi karte yake ya uchaguzi.

Neno lenyewe linachanganya watu. Katika Kifaransa, «laïc» ni Leta isiyokuwa na dini, lakini ndani ya kanisa ni muamini asiyekuwa padri. Mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018, Comité laïc de coordination iliita watu watembee: 31 Desemba, 21 Januari, 25 Februari. Wale walikuwa Wakatoliki, wakitoka misa na rozari mukononi. Walidai nini? Hawakudai Leta ya Kikatoliki. Walidai mapatano ya 31 Desemba 2016 yafuatwe, yale yaliyoandikwa mbele ya maaskofu na yaliyosema uchaguzi ufanyike mbele ya mwisho wa 2017. Kuna waliokufa kwa risasi juu ya jambo hilo, na lilikuwa jambo la kila raia.

Wazee wanajua kwamba mwanzoni kanisa na Leta walilala kitanda kimoja. Tarehe 26 Mei 1906, Leta ya Leopold II ilifanya mapatano na Vatikani: misioni za Kikatoliki zipate udongo, nazo zifungue masomo. Mwaka ule ule wa 1906 Union Minière du Haut-Katanga ilizaliwa. Huku kwetu wale watatu, Leta, kompani na misioni, walifanya kazi kama mafiga matatu chini ya chungu kimoja. Katika makambi ya watumikaji, kompani ilitoa nyumba na posho, mamonaki Wabenedikto walisimamia masomo ya watoto, na Leta ilileta askari. Desemba 1941, watumikaji walipogoma Elisabethville kwa kudai mushahara, jibu lilikuwa risasi.

Yule aliyesali kwa namna isiyopendwa, naye aliona. Simon Kimbangu alikamatwa 1921 kule Bas-Congo, wakamuleta kufungwa Elisabethville, akafia humo 1951 kisha miaka 30. Kwa hiyo muji wetu unajua vizuri kinachotokea Leta inapochagua kanisa moja na kufunga lingine.

Mobutu naye alijaribu kinyume. Sheria ya mwisho wa 1971 iliamua ni makanisa gani yana ruhusa. Mwaka 1974 Noeli ikatolewa kwenye siku za kupumuzika, na mwisho wa mwaka ule masomo ya makanisa yakachukuliwa na Leta. Ikashindwa. Februari 1977 Leta ilitia sahihi na makanisa ili wasimamie tena masomo. Ndio mwanzo wa zile tunaita masomo ya konvensyo mupaka leo: Leta inapashwa kulipa mwalimu, kanisa inasimamia.

Hapo ndipo muzizi wa mambo. Mutu akisema kanisa ina nguvu kupita kiasi katika Kongo, tunamuuliza: nani anasimamia masomo ya mutoto wako? Muke wako alizalia wapi? Mara nyingi ni kwa masista. Kanisa iliingia mahali Leta ilipotoka. Katika uchaguzi pia ilikuwa vile. Kwa uchaguzi wa 30 Desemba 2018, CENCO ilipeleka waangalizi elfu makumi, na kisha ikasema matokeo yaliyotangazwa hayapatani na yale iliyoyapata. Kama raia wangeiamini CENI, nani angekwenda kumuuliza askofu hesabu ya kura?

Lakini tusiyapakae makanisa mafuta. Nayo yana kosa, na kosa kubwa liko katika sheria yenyewe. Katika CENI, mukubwa wake anapendekezwa na makundi ya dini. Tulikuwa na Abbé Malumalu, kisha Pasta Ngoy Mulunda. Mwaka 2021, makundi nane yalikaa kumutafuta mwingine. Katoliki na ECC walikataa jina la Denis Kadima, wengine sita walikubali, na Bunge ikafuata wale sita. Watu wakaanza kuhesabu: huyu ni kabila gani, huyu anasali wapi, huyu amepewa nini. Leta inayojiita «laïc» ilipeleka mafarakano yake ndani ya nyumba za sala. Muchungaji anayemuchagua refa hawezi tena kuwa mushahidi wa mechi. Kwetu, hapo ndipo mupaka ulivunjwa, hata kuliko barua yoyote ya maaskofu.

Sasa tuje kazini, maana huko ndiko tunaishi.

Jambo la kwanza, sala ya asubuhi mbele ya kushuka. Anayetaka asali, hatukatazi. Ila shefu asiangalie nani amefumba macho na nani hakufumba. Kodi ya kazi ya 2002, kifungu cha 62, inasema dini si sababu ya kumufukuza mutu, vilevile kuwa ndani ya sendika si sababu. Dini na sendika ziko chini ya ulinzi uleule. Anayemutetea ndugu yake kwa ile ya kwanza, asimuache kwa ile ya pili.

La pili, kifo. Udongo ukianguka na mutu akafa, tunasikia haraka kwamba ni mapenzi ya Mungu, ao kwamba kuna mulozi katika familia. Pasta ana haki ya kuwafariji mujane na yatima. Lakini mbao za kushikilia udongo zilikuwa wapi? Nani alitia sahihi kwamba mahali pako salama? Inspekta wa kazi afike, komite ya usalama iandike raporti, mujane alipwe haki yake. Mahubiri yanayokuja mbele ya raporti yanamusaidia mwenye kosa.

La tatu, feza. Kodi ya migodi, ile iliyorekebishwa 2018, inaomba kila kompani inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu. Tunaomba ile feza isijenge kanisa ya mutu yeyote, hata yetu. Kisima hakiulizi mutu amebatizwa wapi. Kanisa ijengwe na sadaka ya waamini wake, kama ilivyo desturi.

Basi «laïc» ya kweli tunaitaka, na ina bei yake. Leta ilipe walimu kwa wakati, maana kifungu cha 43 kinasema masomo ya musingi ni bure, na tangu 2019 tunaambiwa imeanza. Bunge ibadilishe sheria ya CENI, makanisa yatolewe katika kazi ya kumupendekeza mukubwa wake. Na askofu, pasta ao imamu akisema kwamba raia anaibiwa, ajibiwe kwa hesabu, kama vile mutu yeyote mwingine anayeuliza hesabu.