Gugumaji la Naivasha halisubiri msimu wa wageni

Ada mpya za kuingia mbugani, zilizotangazwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kuanza Oktoba 1, 2025, ziliwachoma wafanyabiashara wa utalii hadi wakazipinga mahakamani. Haki yao. Kinachonikera ni utetezi ninaousikia kila mjadala huu unapozuka, kwamba kampuni za utalii tayari zinachangia uhifadhi kwa hiari. Huku kwetu Naivasha, mfano unaotolewa ni siku za kung'oa gugumaji ziwani: fulana zenye nembo, wageni wenye glavu, picha, chakula cha mchana, kisha basi linarudi Nairobi.

Huo si mchango wa kujivunia. Ziwa Naivasha linahitaji vibarua wanaolipwa kila wiki, mwaka mzima, na wa kwanza kutoa fedha hizo wawe wale wanaouza mandhari yake.

Anayedhani natia chumvi afike Kamere. Ni mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, upande wa kusini wa ziwa, kwenye barabara ya Moi South Lake. Ufuo wake ni mojawapo ya nafasi chache ambazo mtu asiye na shamba kando ya ziwa anaweza kuyafikia maji. Hapo wavuvi hushusha samaki, na hapo hapo boti hupakia wageni wanaokwenda kutazama viboko. Upepo ukisukuma gugumaji likaziba ufuo, mvuvi na mwenye boti hupoteza riziki pamoja. Wapo waliowahi kunaswa katikati ya ziwa, injini ikiwa imesongwa na mizizi. Na ziwa hili si mbuga. Halina lango la KWS la kukusanya ada. Limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 1995, lakini cheo hicho hakimlipi mtu ujira.

Wenye kampuni watasema mbolea inayolinenepesha gugumaji haitoki kwao. Hutoka mashambani na kwenye maji machafu ya mitaa, nyingine ikiteremshwa na mito Malewa na Gilgil. Ni kweli, na kwa kuwa ziwa halina mto unaotoka, sehemu kubwa ya rutuba hiyo hubaki humo. Watasema pia kwamba biashara ya utalii hupanda na kushuka. Hilo nalo ni kweli, kama ilivyo kwa uvuvi. Hakuna kati ya hoja hizi inayoeleza kwa nini kazi ifanywe siku moja kwa mwaka.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima, na ningependa tukae nalo. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini, na hapa Naivasha lilionekana mara ya kwanza mwaka 1988. Likipata joto na rutuba, huongezeka maradufu kwa wiki mbili au chini ya hapo. Shina moja hutuma vikonyo pembeni, kila kikonyo huwa mmea, na mbegu zake huweza kukaa kwenye matope zaidi ya miaka 15 zikisubiri maji na mwanga.

Sasa tupige hesabu. Tuseme gugumaji limefunika ekari 40, na wageni wamejitahidi kupita kiasi wakasafisha ekari 2 kwa siku moja. Zimebaki 38. Baada ya wiki mbili ni 76. Baada ya nne, 152. Wasingekuja kabisa, zingekuwa 160. Msafara mzima, pamoja na mafuta ya mabasi na siku ya kazi ya watu wote wale, umelichelewesha gugumaji kwa takriban siku moja.

Geuza hesabu ileile. Ekari 40 zinazojirudufu kwa wiki mbili huongeza karibu ekari 2 kila siku. Kikosi kinachoondoa ekari 2 kila kunapokucha kinalizuia lisisonge mbele. Kikiondoa 3, kinalipunguza. Kikianza mapema, wakati gugumaji bado ni ekari 10, nusu ekari kwa siku inatosha kulishikilia. Ni kama mkopo wa simu: anayelipa mara moja kisha akanyamaza, riba humeza alicholipa. Mikono inaweza kuwa ileile. Tofauti ni kurudi kesho.

Naivasha ina ushahidi wake wenyewe. Kabla ya gugumaji, ziwa lilisongwa na salvinia, gugu jingine la Amerika Kusini lililoingia miaka ya 1960. Lililolidhoofisha ni fukusi mdogo aliyeletwa miaka ya 1990, ambaye kula salvinia ndiyo maisha yake, bila likizo. Kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria, gugumaji lilifunika takriban hekta 17,000 mwaka 1998. Fukusi na mawimbi ya El Niño yakalipunguza, watu wakapumua. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 ziliposhusha rutuba upya, likarudi.

Kwa hiyo nikionyeshwa picha ya wageni wakitabasamu kando ya rundo la magugu, nauliza rundo lile lilipelekwa wapi. Likiachwa ukingoni linaoza, na rutuba yake inarudi majini kulilisha lililobaki. Nauliza pia nani aliwasimamia wasing'oe mafunjo, mimea ya asili inayochuja matope kabla hayajaingia ziwani. Na nani aliwaruhusu kuingia kwenye magugu ambamo kiboko hujificha? Kampuni inayoandaa kazi hii bila majibu hayo inaharibu, na inamwambia mteja wake kwamba inaokoa. Huo ni uongo, na umevumiliwa vya kutosha.

Njia ya kulipa ipo. Kuanzia 2010, watumiaji wa maji wa huku chini, wakiwemo wakulima wa maua, waliwalipa wakulima wadogo wa milima ya bonde la Malewa ili wazuie mmomonyoko wa udongo. Ikiwa mkulima wa maua aliweza kulipia udongo wa mlimani, mwenye hoteli ya ufuoni anaweza kulipia maji yaliyo mbele ya dirisha lake. Napendekeza shilingi 200 kwa kila mgeni anayepanda boti au kulala kando ya ziwa. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU), na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi. Vijana wa Kamere waajiriwe kwa zamu, na gugumaji lipelekwe mbali na maji. Joseph Nguthiru, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, alikwama kwenye gugumaji la ziwa hili hili, na kampuni aliyoianzisha, HyaPak, inalitumia kutengeneza mifuko ya miche na vifungashio. Wanunuzi wa kwanza wawe hoteli za Naivasha.

Kila ankara ya safari ya boti Naivasha ionyeshe shilingi zilizokwenda ziwani na kikundi kilicholipwa. Kampuni isiyoweza kuonyesha hayo iondoe neno uhifadhi kwenye matangazo yake.