Zumu kubwa, ndege wa mbali na namba 8 iliyozuliwa

Mwaka jana nilimfufua ndege. Hapana, sijaanzisha huduma ya miujiza. Nilituma picha tu.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa Kisumu mwezi wa Januari kwa shughuli za nyumbani, na asubuhi moja nikashuka Dunga, pale mashua za wavuvi zinapotia nanga. Kwenye kigingi kimoja mbali na ufuo alikuwa ametua shakwe mwenye mgongo mweusi, na mguuni alikuwa na pete ya rangi yenye herufi na namba. Kwa wasiomjua, shakwe huyu kisayansi huitwa Larus fuscus. Wale wa jamii ya Baltiki huzaliana hasa Finland, na baridi ya huko ikikaribia wanashuka hadi kwenye maziwa ya Afrika Mashariki. Victoria ni mojawapo ya makao yao makubwa. Finland wamewavisha wengi pete, na wewe ukisoma pete hiyo huku kwetu, watafiti wa kule wanajua ndege huyo alivishwa lini, wapi, na kwamba bado anaishi. Ndiyo maana mtu mzima anaweza kusimama kwenye matope saa moja na nusu asubuhi akiangalia mguu wa ndege.

Nikavuta lenzi hadi mwisho, nikapiga picha kama thelathini. Herufi za mwanzo zilisomeka vizuri. Ile ya mwisho ilikuwa 8, au B, au labda 3. Usiku kadi ilikuwa imejaa, kwa hivyo nikafuta zote nikabakisha moja iliyopendeza. Hiyo moja nikaipitisha kwenye programu ya akili unde inayonoa picha, na baada ya sekunde ishirini nikapata 8 safi kama ya kwenye kibao cha gari. Nikatuma.

Jibu lilikuja kwa adabu sana. Ndege mwenye pete hiyo aliokotwa akiwa amekufa miaka kadhaa iliyopita. Je, una picha nyingine?

Sikuwa nayo.

Najua wenzangu wa lenzi kubwa mnacheka. Mtasema, tulikwambia hizo kamera ni za kitoto. Hapo ndipo tunapokosana, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Mimi bado naamini kwamba kwa Mkenya wa kawaida anayependa ndege, kamera ya zumu kubwa isiyobadilishwa lenzi ndiyo kamera inayofaa. Huitwa kamera ya daraja kwa kuwa imesimama kati ya kile kidude cha mfukoni na zile za mapaparazi. Lenzi ya kweli ya 600mm yenye tundu la f/4 ukiinunua mpya inapita shilingi milioni moja na nusu, kabla hujanunua kamera ya kuifunga. Ina uzito wa kilo tatu hivi. Jaribu kupanda nayo matatu ya kwenda Naivasha kisha uniambie umekaa wapi. Nikon Coolpix P1000 iliyotoka 2018 inavuta mara 125, ina kilo 1.4, na inaingia kwenye begi la laptop.

Halafu tuulizane, picha yenyewe ni ya nini? Kenya ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Wengi wetu tunaojaza orodha za Kenya Bird Map au eBird hatutafuti picha ya kutundika sebuleni. Tunataka kujua yule ndege wa kahawia kwenye nyasi alikuwa na michirizi kifuani au hakuwa nayo. Picha ni ushahidi. Kwa kazi hiyo, kamera inayokufikisha kwa ndege aliye mita themanini bila wewe kumtimua ni baraka.

Sasa tuseme ukweli kuhusu namba za kwenye boksi, maana hapo watu wanaibiwa mchana. Nikon P900 ya 2015 inatangazwa kufika 2000mm. Sony RX10 IV ya 2017 inafika 600mm tu. Ukiwa dukani utaona ya kwanza imeshinda mara tatu. Lakini hizo ni namba za kulinganisha na filamu ya zamani ya 35mm. Urefu halisi wa lenzi ya P900 ikivutwa hadi mwisho ni 357mm, na tundu lake ni f/6.5. Gawanya, unapata milimita 55. Ile ya Sony ni 220mm kwa f/4. Gawanya tena, 55! Yaani kamera zote mbili zinamwangalia ndege kupitia dirisha lenye upana uleule. Mwanga unaoingia kutoka kwa ndege ni uleule, na ukali wa juu kabisa ambao fizikia inaruhusu ni uleule. Tofauti ni kwamba P900 inautandaza huo mwanga juu ya pikseli nyingi zaidi. Nuru ya nukta moja, kwenye sensa ile ndogo ya inchi 1/2.3, inatapakaa pikseli kama sita kwa upana. Umepata picha kubwa, lakini si lazima upate habari zaidi. Ni kama kumwaga chai ya kikombe kimoja kwenye sufuria.

(Lenzi ya milioni moja na nusu ina dirisha la milimita 150. Sasa unajua pesa inaenda wapi.)

Na hapo sijataja ile "zumu ya kidijitali" ya P900 inayofikisha mara 166. Hiyo ni hesabu tu, kamera inakata kipande cha katikati na kukikuza. Izime leo. Sijataja pia hewa. Ikifika saa nne jua likianza kuchemsha maji au matope, picha ya mita mia inacheza kama kitu kilicho nyuma ya moshi wa jiko, na hakuna kamera duniani ya kuponya hilo. Amka mapema.

Lakini kilichoniumiza mimi hakikuwa lenzi. Ilikuwa programu, kitu ambacho nalipwa kukielewa, na ndiyo maana aibu yangu ni mara mbili.

Sensa ndogo ikikosa mwanga hutoa chengachenga. Kamera inapotengeneza JPEG huzifuta kwa kulainisha, na kilainishi hicho hakijui tofauti kati ya chenga na unyoya. Michirizi myembamba ya kifuani inapakwa ikawa kama uji. Hata hivyo huo ni upotevu wa kawaida. Kilichokuwepo kimepungua, na ukiangalia unaona wazi kwamba kimepungua. Ule unoaji wa akili unde ni mnyama mwingine. Umefundishwa kwa mamilioni ya picha na kazi yake ni kuweka kitu kinachofanana na picha nzuri. Ukiupa doa lisiloeleweka haukwambii "sijui". Unakuchorea 8, kwa sababu kati ya yote uliyowahi kuona, doa la namna hiyo linafanana zaidi na 8.

Tulishaonywa zamani. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox zikiskani karatasi zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Sita ilitoka nane. Mbinu ya kubana faili iliona vipande viwili vinafanana, ikaamua kutumia kimoja mahali pa kingine. Hakukuwa na ukungu wala doa, tarakimu mbaya ilitoka safi kabisa, na ndiyo maana watu walikaa miaka bila kushtuka. Kisha 2023 ikaja kelele ya simu za Samsung na mwezi. Mtu aliufifisha mwezi kwa makusudi kwenye skrini, akaupiga picha, simu ikamrudishia mashimo ambayo picha hiyo haikuwa nayo. Mwezi hauna hasara, sote tunajua mashimo yake yako wapi. Mguu wa ndege ni tofauti. Pale herufi moja inageuza aliye hai kuwa aliyekufa, na mwenye kuhesabu wangapi wamebaki anahesabu uongo wako.

Kwa hivyo ukiniuliza kamera ipi, nitakuuliza kwanza kama inahifadhi faili za RAW. P900 haihifadhi. P950 iliyoifuata 2020 inahifadhi, na P1000 pia. Canon SX50 HS ya 2012 ilikuwa nayo, na ukiipata ya mkono wa pili ikiwa nzima inavuta mara 50 tu, lakini haikuamulii mambo. Mimi ningechukua hiyo kabla ya yenye 83 isiyonipa faili asili. Ningependa pia siku moja watengenezaji watuwekee kitufe kimoja cha kuzima ulainishaji wote. Najua ni mstari mmoja wa msimbo. Sawa, labda mia mbili.

Mengine ni nidhamu tu. Pete ipigwe picha nyingi ndege akigeuka huku na huku, kwa sababu herufi iliyojificha kwenye moja hujitokeza kwenye nyingine. Kadi kubwa ni rahisi kuliko nauli ya kurudi Kisumu. Na daftari! Hapo Dunga kulikuwa na kijana wa mashua ambaye angenipeleka mita ishirini karibu zaidi kwa bei ya soda mbili. Sikumwomba, kwa sababu nilikuwa na zumu.

Nikawaandikia tena nikaeleza nilivyoifanya ile picha, na nikawatumia ile ya asili yenye ukungu. Wakanishukuru. Rekodi yangu sasa inasema shakwe mmoja, Dunga, pete ya rangi, herufi ya mwisho haikusomeka.