Baiskeli ya Milimani na Mteremko wa Newala

Mwanafunzi wa sekondari akiulizwa ni nani aliyebuni baiskeli ya milimani, aghalabu hutafuta jina la mhandisi au la kiwanda kikubwa. Historia yenyewe yaelekeza kwingine, na yafaa ijulikane zaidi Masasi na Newala kuliko katika miji ya tambarare.

Wazo la kupeleka baiskeli mahali pasipo barabara ni la zamani. Mwaka 1897 askari weusi wa Kikosi cha 25 cha jeshi la Marekani waliendesha baiskeli kutoka Missoula hadi St. Louis, mwendo wa kilomita 3,000 hivi, wakipita matope, mchanga na milima. Hata hivyo, baiskeli inayoitwa leo ya milimani ilitokana na vijana wa Marin, California, katika miaka ya 1970. Walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, nzito na zenye matairi mapana, wakateremka nazo njia za vumbi za mlima Tamalpais. Breki ilikuwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Mwendeshaji aliifunga kwa kukanyaga pedeli kinyumenyume. Tarehe 21 Oktoba 1976, karibu na mji wa Fairfax, yalifanyika mashindano katika njia iliyoshuka mita 400 hivi kwa mwendo wa kilomita 3 na kitu. Mshindani alipofika chini, grisi ya kitovu ilikuwa imeungua na kutoka moshi, ikabidi kitovu kifunguliwe na kutiwa grisi mpya. Kwa ajili hiyo mashindano yakaitwa Repack, yaani kupakia upya. Mwaka uliofuata Joe Breeze alichomelea fremu iliyokusudiwa hasa kwa kazi hiyo, na mwaka 1981 baiskeli ya Stumpjumper ikaanza kuuzwa kwa wingi.

Mwalimu wa fizikia asipite haraka juu ya ile grisi iliyoungua. Mtu, baiskeli na mzigo vyenye jumla ya kilo 100 vikishuka kimo cha mita 100, hupoteza nishati ya jouli 98,000. Kiasi hicho chatosha kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi 23 za Selsiasi. Ukiondoa sehemu inayochukuliwa na upepo na msuguano wa matairi, nishati yote iliyobaki haina pa kwenda ila katika breki. Kitovu kidogo cha chuma hakina budi kuungua.

Hesabu hiyo haihitaji California. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na ardhi ya uwanda huo ni ya mchanga unaomeza mvua hata juu pasibaki kijito. Kwa vizazi vingi watu waliteremka kuchota maji mabondeni na kuyapandisha tena. Mradi wa maji wa Makonde uliojengwa miaka ya 1950 ulipunguza taabu hiyo, lakini kila mitambo iliposimama, mteremko ulirudia kazi yake ya zamani. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40 juu ya keria, kabla ya kumhesabu mwendeshaji.

Na anaendesha nini? Baiskeli ya kawaida ya mashambani, iwe Raleigh, Phoenix au Swala, ilichorwa kwa ajili ya barabara ya tambarare. Ikiwa gurudumu la meno la mbele lina meno 44 na la nyuma 18, na tairi lina mzunguko wa mita 2.2, basi kila mzunguko mmoja wa pedeli husukuma baiskeli mita 5.4. Baiskeli ya milimani katika gia yake ya chini huweza kwenda mita 2 tu kwa mzunguko huo, na nguvu inayotakiwa mguuni hupungua kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana mtu wa Newala huisukuma baiskeli yake kilimani kwa mikono. Asilaumiwe kwa uvivu; wa kulaumiwa ni yale meno 44.

Kushuka ndiko kwenye hatari zaidi. Breki za fito hubana rimu kwa vipande vidogo vya mpira, na rimu ikilowa hushika kwa unyonge. Mafundi chini ya miembe hukata mpira wa tairi kuukuu na kuufanya kibanio cha breki, au huchomelea vipande vya chuma kuimarisha uma wa mbele. Hawa wafanya kazi ile ile ya vijana wa Marin: wanaona kinachovunjika, wanakirekebisha, kisha wanakijaribu mtelemkoni. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewaandika.

Siku hizi madukani zipo baiskeli zenye sura ya milimani, zilizofungwa springi mbele na nyuma. Mzazi asidanganyike. Springi ya bei rahisi huongeza uzito, hunywa sehemu ya nguvu ya mguu wakati wa kupanda, na mchanga ukiingia huikwaruza mpaka ikakwama. Kinachofaa katika njia za mashamba ya korosho ni tairi pana. Tairi lenye upepo wa nusu ya shinikizo hugusa ardhi kwa eneo maradufu hivi, kwa hiyo halizami. Gia za chini zafuata, halafu breki mbili zinazofanya kazi. Mapambo mengine yangoje.

Ajabu ni kwamba shule huagiza kapi na magurudumu ya maonyesho kutoka mbali, ilhali nje ya darasa zimeegeshwa baiskeli. Darasa moja likipewa kamba ya kupimia, saa na mizani ya springi laweza kupata kwa asubuhi moja uwiano wa meno, nguvu ya breki na umbali wa kusimama, kwanza kwa rimu kavu, kisha kwa rimu iliyomwagiwa maji. Kipimo hicho cha pili kifanywe kwanza uwanjani, penye usawa, na fundi wa jirani aalikwe kueleza kwa nini baiskeli mbili zinazofanana hazisimami mahali pamoja.