Ngoma ya Duma: Metallica Wanapewa Mwezi, Nairobi Inapewa Sekunde 40

Kuna jamaa mmoja yuko Kikuyu. Wadau wa nje ya mkoa msichanganye, sio Kikuyu ya Kenya, ni Kikuyu hii hii ya Dodoma mjini. Mtaa mzima unajua huyu ni mtu wa metal. Fulana zake karibu zote ni nyeusi, nyingi kazitoa kwenye mitumba ya Sabasaba, na ukimkuta kavaa hedifoni usimsemeshe mpaka gitaa limalize kulia.

Mshkaji wake anayesoma UDOM kamrushia ngoma WhatsApp. Inaitwa "Lionsblood", ya kundi la Duma, iko kwenye albamu yao ya kwanza iliyotoka Agosti 2020. Jamaa kasikiliza sekunde 40 hivi, kavua hedifoni, kaandika status: hii sio metal, hii ni fujo. Basi. Hukumu imeshasomwa na rufaa hakuna.

Hapo sasa ndipo pa kuongelea. Mtu huyu huyu anaitetea "St. Anger" ya Metallica, ile albamu ya 2003 ambayo ngoma ndogo ya Lars Ulrich inalia kama ndoo ya bati inayopigwa na mtoto. Dunia nzima iliicheka. Yeye anasema ukitaka kuielewa lazima uipe muda, mwezi hata miwili, usikilize ukiwa peke yako usiku. Sawa, haina shida, kila mtu na chake. Ila mbona wale wazungu wa California wanapewa mwezi mzima, halafu vijana wawili wa Nairobi hawafikishi hata dakika?

Kwa wasiowajua, Duma iliundwa na Martin Kanja, anayejiita Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Hawajaanza jana. Nairobi ina watu wa metal siku nyingi, kuna Last Year's Tragedy, kuna Seeds of Datura, kuna Lust of a Dying Breed, na hawa wawili wametokea humo humo kwenye hizo bendi. Mwaka 2019 wakaungana, Karugu akaacha besi akashika gitaa na kompyuta, Kanja akabaki na koo lake. Wakaenda Kampala, wakakaa kama miezi mitatu kwenye studio ya Nyege Nyege, na kilichotoka ndio hiki kinachowachanganya watu. Jina nalo lina mtego. Mswahili akisikia duma anamuwaza yule mnyama wa mbio, na kwa kasi ya hizi ngoma wala hajakosea. Ila wenyewe wamelitoa kwenye Kikikuyu, maana yake ni giza.

Na ni giza kweli, jamaa wa watu asionewe. Ukiisikiliza mara ya kwanza unaweza ukadhani simu imeharibika spika. Midundo inakuja kwa fujo, haikupi nafasi ya kuhesabu, juu yake kuna mivumo kama ya mashine ya kusaga iliyokosa grisi, halafu katikati ya vurugu anatokea mtu anapiga ukunga kama anachomwa. Hakuna kiitikio cha kuimba na washkaji. Mtu aliyekulia kwenye "Enter Sandman" akikosa pa kushika, anaeleweka.

Lakini tatizo lake hasa ni nini? Kasi? Singeli ina kasi kuliko metal nyingi tu, midundo 200 na zaidi kwa dakika, na huyu huyu kwenye sherehe za Nkuhungu kaonekana akiicheza mpaka viatu vimevuka. Wengi hawajui kwamba Nyege Nyege Tapes, lebo iliyowatoa Duma, ndiyo iliyotoa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, singeli tupu kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar. Nyumba moja hiyo. Watu wa Kampala walisikia kitu kinachofanana kwa vijana wa Mburahati na vijana wa Nairobi, wakati huku kwetu mmoja tunamwita wa vigodoro na mwingine tunamwita wa mashetani.

Kwenye mashetani hapo mama wa jamaa naye hakukosekana. Alipita mlangoni, akasikia, akasema azimiwe hayo mapepo kabla hajamwita mchungaji. Kwake Metallica, Slayer na Duma wote ni Freemason, hana ubaguzi. Lakini ni mama huyo huyo aliyekuwa akipiga muheme enzi za ubinti wake. Wanawake wa Kigogo wakibana ngoma zile katikati ya mapaja wakaanza kuzishushia kipigo, vumbi linanyanyuka na kijiji cha pili kinapata taarifa. Na kuhusu sauti za kutisha, Hukwe Zawose wa hapa hapa Dodoma alikuwa anaweza kutoka kwenye mngurumo wa chini kabisa akapanda mpaka juu kwenye sauti nyembamba kama filimbi, na Waingereza wa Real World wakamtolea albamu ya "Chibite" mwaka 1996. Koo la kufanya vituko sio kitu kilicholetwa na meli.

Halafu watu husahau metal yenyewe ilikotoka. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa kibarua wa kiwanda cha bati pale Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akajitengenezea vifuniko, akalegeza nyuzi ili zisimuumize, na ile sauti nzito ikazaliwa na jeraha la kazini. Vijana wa mji wa viwanda walipiga muziki unaofanana na mji wao. Sasa toka nje hapa Dodoma leo. Tangu Serikali ianze kuhamia, mji umejaa magreda, mitambo ya zege, malori ya kokoto yanayokwenda Mtumba, genereta za mafundi wa kuchomelea. Asubuhi ya Dodoma inafanana na "Lionsblood" kuliko inavyofanana na bongo fleva ya mapenzi. Jamaa kaziba masikio kwa kitu anachokisikia kila siku akienda kazini.

Ila kiini hasa kipo kwenye ukuta wa chumba chake. Pale kuna gitaa la umeme. Limetundikwa huu mwaka wa tatu. Ukimuuliza bendi inaanza lini, jibu ni lile lile: Dodoma hakuna mpiga dramu, seti ya dramu bei yake haishikiki, na hata ukiipata utaipigia wapi majirani wasiite mgambo. Hoja nzito zote, hakuna anayembishia. Miaka mitatu hazijapata mpinzani.

Mpaka wamekuja hawa. Watu wawili, gitaa moja, kompyuta, hakuna seti ya dramu wala mpigaji. Kumbe inawezekana. Kumbe mtu anatoka Nairobi na begi mgongoni, anapanda basi mpaka Kampala, anarudi na albamu inayoandikwa Ulaya na Marekani. Ukiliangalia hivyo, zile sekunde 40 zinaeleweka vizuri zaidi. Kama hii ni metal, gitaa lile ukutani limepoteza wakili. Rahisi zaidi kusema sio metal.

Na hapo ndipo mashabiki wengi wa rock huku kwetu wanapojificha, sio huyu peke yake. Wanaipenda metal kwa sababu iko mbali. Ikiwa mbali haiwadai chochote. Ikisogea hapo Nairobi, safari ya basi ya siku moja tu, inaanza kuuliza maswali: wewe unafanya nini?

Mshkaji wa UDOM hakumjibu ile status. Kamtumia tu picha moja ya Duma wakiwa jukwaani, Karugu na gitaa lake, meza, kompyuta, Kanja kashika maiki kama anainyonga. Chini yake hakuandika kitu.

Kimya siku mbili. Jumapili usiku jamaa kaandika aletewe albamu yote, eti ahakikishe tu kama nyingine nazo ni fujo vile vile. Nyimbo zimetumwa, tiki zimegeuka bluu. Status ya kwanza ilishajifuta yenyewe, mpya bado hajaweka.